Kidawa na Mafuta ya Papa

Aliyekosa gazeti la wiki iliyopita asihangaike kulitafuta, maana halikuwa na jema. Godlove, mwendeshaji wangu wa kwanza wa baiskeli, alipanda boti kwenda Nyamisati na hakurudi. Nasikia anaendesha bodaboda Mbagala, kichwani kavaa kofia ngumu ya timu. Makochi ya mke wangu niliyauza, yakageuka matairi mawili na shokapu. Na wale wenye mashindano kule Usambara walinipigia simu wakacheka mpaka wakakohoa. Timu ya baiskeli za mteremko kutoka Mafia? Kisiwa ambacho ukipanda juu ya ndoo unaona bahari pande zote?

Nimechoka, ndugu msomaji. Nalisema mapema ili tuelewane.

Mimi ni Mwalimu Isdory, mtu wa Upare. Utoto wangu niliumalizia kwenye baiskeli za mbao, nikiteremka milima na magoti yakichubuka. Kisha nikapangiwa kazi Mafia kufundisha Jiografia, nikawekwa kwenye ubapa mtupu. Ndipo mzungu mmoja wa kupiga mbizi, mmoja wa wale walioanza kumiminika tangu hifadhi ya bahari ianzishwe, akaiacha baiskeli yake ya mteremko kijijini Utende kwa sababu ilikuwa nzito kurudi nayo kwao. Nikaichukua. Laiti ningeiacha pale pale.

Timu ilikuwa imebakiwa na watu watatu. Mimi, niliyejiita meneja. Rabson, kijana wa Mbeya anayetengeneza jenereta mjini Kilindoni, aliyekuwa fundi wetu. Na Kidawa.

Kidawa binti Ussi alikuwa mchuuzi wa samaki. Kila siku anawachukua pwani ya Kilindoni na kuwapeleka Baleni, ndoo mbili nyuma ya baiskeli isiyo na breki hata ya kudanganyia. Akitaka kusimama anarudisha mguu nyuma na kukandamiza katambuga lake kwenye tairi. Siku nilipomwona anakata kona mbele ya lori la nazi, ndoo zimejaa na uso umetulia, nilijua nimempata mtu.

Wale wa Usambara walipomaliza kucheka walinipa sharti moja. “Bibi Matilda, msimamizi wetu wa usalama, anakuja huko kutazama papa potwe. Atamwona huyo binti akishuka na kusimama. Akiridhika, nafasi ni yake. Asiporidhika, Mwalimu, usitupigie tena.”

Sharti la pili lilitoka kisiwa cha Bwejuu, kwa baba yake Kidawa. Mzee Ussi ni fundi wa mashua. Mwaka mzima binti yake akifanya mazoezi, hakuwahi kuitazama ile baiskeli wala kuitaja. Nilipomfuata kisiwani kwake kuomba ruhusa, aliendelea kuranda ubao wake mpaka nilipokaukiwa maneno.

“Nitakuja nione,” akasema mwishowe. “Nikiona chombo chenyewe kinafaa, nitamwachia aende. Nikiona hakifai, utaniachia mwanangu.”

Tulipeana mikono. Basi, hapo ndipo tulipoishia, na Jumamosi ikafika.

“Baba Cresensia,” mke wangu Jovina aliniambia asubuhi, amekaa mkekani pale yalipokuwa makochi. “Leo ndiyo mwisho?”

“Leo ndiyo mwisho au mwanzo.”

“Mimi nimeuliza la mwisho.”

Nilikunywa chai nimesimama, maana kukaa mkekani na kuinuka kunanichosha mgongo, nikatoka.

Mteremko wetu wa mazoezi ni ule wa kushukia gatini. Ndio tulionao. Unaanzia juu karibu na maduka, unakata kona kwenye ghala kuukuu la nazi, kisha unanyooka mpaka gatini. Mtu wa Usambara anaweza kuumaliza kwa chafya moja. Lakini ni mkali kuliko unavyodhaniwa, na mwisho wake ni watu, mikokoteni na bahari.

Nilimkuta Mzee Ussi amefika zamani. Kanzu safi, kofia safi, bati kuukuu la rangi mkononi. Alikuwa amelala kwa dada yake, Bimkubwa, ambako Kidawa anaishi na baiskeli inalazwa.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, Mwalimu. Umeamkaje? Na wa nyumbani?”

“Hawajambo.”

“Alhamdulillahi. Leo ndiyo leo.”

Alikuwa anatabasamu. Sikuwahi kumwona Mzee Ussi akitabasamu, nikashikwa na wasiwasi. Mtu akizoea kupigwa, hata akipungiwa mkono anajikinga.

Kidawa akanivuta pembeni. Macho yake yalikuwa yanang’aa.

“Mwalimu, baba ameishika baiskeli.”

“Ameishikaje?”

“Kwa mkono wake! Alfajiri, alipotoka msikitini. Nilimchungulia dirishani, anaifuta. Anaifuta polepole kama mtoto mchanga. Mwaka mzima, Mwalimu. Hajawahi hata kuisogeza ikimzuia njia.”

“Basi ameridhika?”

“Hajasema. Lakini ameishika.”

Nilifurahi. Naandika hivyo ili ujue kwamba siku hiyo nilifurahi, ingawa haikudumu hata kufika kwenye jua kali.

Bibi Matilda akashuka kwenye bajaji, miwani ya jua usoni, begi mgongoni, viatu vya kupandia mlima. Mwanamke wa maneno machache. Alikuwa ameshamwona papa potwe wake, yule mkubwa mpole wa watalii, jana yake, na ndege yake ilikuwa ya saa sita.

“Huyu ndiye mwendeshaji?”

“Ndiye.”

“Na huu ndio mteremko?”

“Ndio.”

Akautazama. Nikaona mdomo unataka kucheka, akauzuia, nami nikamheshimu kwa hilo.

Akashuka na Rabson mpaka chini, akachora mistari miwili ya chokaa kukata barabara, karibu na gati. Kati ya mistari hiyo, upande wa kushoto, palikuwa na rundo kubwa la mchanga wa kujengea lililomwagwa na lori na kumeza nusu ya njia. Kisha akapanda tena akihema.

“Sikilizeni. Kushuka kila mtu anashuka, hata jiwe linashuka. Mimi nataka kuona kusimama. Unaondoka hapa kwa mwendo kamili, unasimama kati ya ile mistari miwili. Na miguu yote iwe juu ya pedeli mpaka baiskeli isimame. Mguu ukigusa chini, au ukigusa tairi, tumemaliza. Kule kwetu anayesimama kwa mguu tunamtafuta korongoni. Umenielewa, dada?”

“Nimeelewa,” akasema Kidawa, na mguu wake wa kulia ukajificha nyuma ya wa kushoto.

Bibi Matilda akasogea kuikagua baiskeli. Akainama. Akainuka haraka na kushika pua.

“Hii baiskeli inanuka nini?”

Mimi na Rabson tukatazamana. Sisi hatukusikia harufu yoyote. Ukikaa Kilindoni miaka, pua inaacha kazi. Samaki, dagaa, pweza anayeanikwa, yote kwake ni hewa tu.

“Inanuka kama samaki aliyeoza kwenye jenereta,” akasema.

Rabson akapiga goti. Akapitisha kidole kwenye fremu, kwenye mnyororo, kwenye shokapu. Kisha kwenye diski ya breki. Alipokitoa kilikuwa kinameremeta. Akakinusa, uso wake ukabadilika.

Akashika breki zote mbili mpaka mwisho, akaisukuma baiskeli. Ikaenda. Haikusita hata kidogo.

“Ticha,” akaninong’oneza. “Breki zimekula mafuta. Zote. Mbele na nyuma.”

Nami nikainama.

“Mafuta gani?”

“Sifa hiyo,” sauti ya Mzee Ussi ikatoka nyuma yetu, imejaa fahari. “Sifa safi, ya ini la papa. Wala sikuichanganya.”

Tukageuka. Alikuwa amesimama na lile bati lake, ameliinua kidogo ili tulione vizuri.

“Mwalimu, ulipoondoka Bwejuu nilikaa nikafikiri. Huyu mtoto anakwenda kwenye chombo chake, na mimi ndiye fundi, na chombo chenyewe kimekaa kikavu kinaliwa na chumvi. Watu watasema nini? Hakuna mashua iliyotoka mikononi mwangu ikashushwa majini bila kupakwa sifa. Tunaipaka, tunaisomea dua, tunaishusha, na mwenyewe aliyeiunda anatangulia mbele kuipokea. Ndivyo alivyonifundisha baba yangu. Basi leo alfajiri nimeipaka yote. Kila chuma. Hata vile visahani vya kwenye magurudumu, vilikuwa vinaanza kutu.”

“Visahani,” nikarudia.

“Vilikunywa sana, maskini. Vilikuwa na kiu.”

Kidawa alikuwa amesogea karibu. Nikamwona anatazama bati, kisha mikono ya baba yake, kisha bati.

“Baba,” akasema taratibu, “hiyo si sifa uliyoiweka kwa ajili ya mashua yako?”

“Ndiyo yenyewe.”

Lazima nieleze hapa, kwa wasomaji wa bara. Zamani sifa ilikuwa kitu cha kawaida. Siku hizi za hifadhi papa hawavuliwi ovyo, na bati la sifa safi ni mali ya kufungiwa sandukuni. Mzee Ussi alikuwa na mashua moja anayoiunda kwa ajili yake mwenyewe, ya uzeeni, miaka na miaka, ubao kwa ubao. Bati hilo lilikuwa la mashua hiyo. Kisiwa kizima cha Bwejuu kinajua habari zake.

“Nitapata nyingine,” akasema. Akatikisa mkono kama mtu anayefukuza inzi. “Haya, mbona hamshushi?”

Nikafungua kinywa nimwambie. Mzee, umeua breki. Maneno machache tu. Kidawa akanikanyaga mguu kwa nguvu.

“Tunaanza sasa hivi, baba. Bado wanakaza nati.”

Akatuvuta mimi na Rabson nyuma ya kibanda cha Bi Mize, muuza mihogo ya kukaanga.

“Asiambiwe,” akasema.

“Kidawa, breki hazishiki!”

“Nimeona. Asiambiwe mbele za watu. Pwani nzima iko hapa, Mwalimu, wamo na mafundi wenzake. Fundi Ussi wa Bwejuu kaharibu chombo cha mwanawe! Mtamuua.”

“Na Bibi Matilda je?”

“Ana ndege saa sita. Rabson, hakuna la kufanya?”

Rabson akakuna kichwa. “Diski nitazisafisha kwa petroli. Lakini zile brekipedi zimeshalewa. Dawa yake ni mpya, na mpya ziko Dar.” Akatazama jiko la mkaa la Bi Mize. “Au tuzichome.”

“Tuzichome?”

“Mafuta yaungue, zenyewe zibaki. Nimewahi kufanya kwenye pikipiki. Mara moja ilikubali.”

“Na mara nyingine?”

“Ticha, usiulize maswali ya mtihani saa hizi.”

Ukiniuliza mimi na timu yangu tulivyokuwa siku ile, nitakuonyesha picha moja tu. Watu wazima watatu tumechuchumaa kwenye jiko la Bi Mize, mihogo imesogezwa pembeni, na Rabson kashika kwa plaizi vibao vya breki juu ya makaa. Moshi mweusi. Harufu iliyozindua hata pua yangu.

“Mihogo yangu nani ataila sasa?” akalalamika Bi Mize.

“Mimi nitaila,” nikamwambia. “Yote.”

“Mwalimu, wewe tangu uanze hayo mambo ya baiskeli umekonda kama kamba ya nanga. Kula kweli.”

Nikahisi mtu amesimama juu yetu. Alikuwa Mzee Ussi, mikono nyuma, anatazama moshi.

“Mnatia moto?”

Sikuwa na uongo tayari. Uongo unahitaji nguvu, na mimi zangu zilikuwa zimekwisha. Nikasema tu lililokuja mdomoni.

“Ndiyo, mzee. Ndio utaratibu wake.”

Uso wake ukafunguka. “Kumbe mnajua! Na sisi mashua tunaitia moto chini, kwa makuti, kuua wadudu wa mbao. Mimi nilidhani haya mambo yenu ya kizungu hayana taratibu.” Akamgeukia Kidawa, akamshika bega. “Kumbe uko kwa watu wanaojua.”

Akaondoka anatingisha kichwa kwa furaha. Kidawa akageuza uso kando. Nilijua analia, na nilijua hataki nijue.

Brekipedi zikapoa, Rabson akazisugua kwa msasa, akasafisha diski kwa petroli, akafunga. Kidawa akapanda, akazunguka mbele ya maduka, akabana breki.

Zikapiga ukelele. Ukelele wa mbuzi anayevutwa masikio, pwani nzima ikageuka. Lakini gurudumu likasimama.

“Zinashika!” Rabson akaruka juu. “Zinalalamika lakini zinashika!”

“Zitaendelea kulia hivyo?”

“Zikilia ujue zinashika, Ticha. Omba zilie.”

Nikakumbatiana na Rabson kwa mara ya kwanza tangu tujuane. Nikala muhogo mmoja wa moshi. Ulikuwa mbaya lakini niliumaliza.

Rabson akashuka chini kuzuia mikokoteni. Bibi Matilda akaniita kunionyesha saa. Alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki.

“Mwalimu Isdory, nimesubiri nusu ya asubuhi. Mmekuwa mnapika?”

“Tulikuwa tunarekebisha breki, mama.”

“Zina shida?”

“Zilikuwa nayo.”

“Nataka uniambie ukweli. Binti wa watu huyu. Ziko sawa?”

“Zinashika. Nimeona kwa macho yangu.”

Ulikuwa ukweli wakati nausema. Naomba hilo likumbukwe.

Nikarudi kwa Kidawa. Alikuwa ameshavaa kofia ngumu, ameshika baiskeli, ametulia mno. Karibu na gurudumu la nyuma palikuwa na bati. Limepinduliwa, mdomo chini, kama wanavyoliacha mafundi linapokuwa tupu.

Nikatazama diski ya mbele. Ilikuwa inameremeta.

“Kidawa.”

“Mwalimu.”

“Nani amefanya hivi?”

“Baba. Amesema baada ya moto chombo hupakwa tena. Ukikitia moto ukakiacha kikavu, kinapasuka.”

“Na wewe ulikuwa wapi?”

“Hapa hapa.”

“Ukamwangalia tu?”

“Nimemshikia baiskeli.”

Nilikaa chini. Barabara ilikuwa ya moto, nikakaa hivyo hivyo.

“Mwalimu, usiniangalie hivyo,” akasema. “Mwaka mzima hajaniuliza hata baiskeli ina magurudumu mangapi. Nikirudi kutoka mazoezini nimejishinda mwenyewe, sina wa kumwambia. Leo amechuchumaa hapa na kanzu yake safi, anapaka, anasoma dua. Ameniambia, ‘Nenda mwanangu, chombo chako kinafaa.’ Hivyo hivyo alivyosema. Bati lake lote limeishia humu. Nilipaswa kumwambia nini?”

“Ulipaswa kumwambia breki.”

“Wewe ungemwambia?”

Nikalitazama lile bati.

Akainama, akanong’ona. “Nimeshafikiri. Ule mchanga wa kujengea uko kati ya mistari yake. Nikishapita kona ya ghala naelekeza kushoto, naingia mchangani, tairi linazama, nasimama. Miguu iko juu ya pedeli. Yeye hakusema nisimame kwa kitu gani. Alisema nisimame.”

“Kidawa, kwa mwendo ule?”

“Mimi nimekulia bila breki, Mwalimu. Nimebeba samaki wa watu, sijamwaga hata dagaa mmoja.”

“Tumwambie Bibi Matilda. Tuahirishe.”

“Atasema hakuna safari. Na baba atauliza kwa nini. Na hapo itabidi aambiwe.” Akanitazama usoni. “Mwaka mmoja, Mwalimu. Niachie dakika moja.”

Sasa nakiri, na gazeti hili ndilo shahidi. Nilipaswa kuinuka. Nilipaswa kwenda kwa yule mama na kusema breki zimekufa, tumeshindwa, rudi kwenu salama. Mtu mwenye nguvu zake angefanya hivyo. Mimi nilikuwa nimechoka kushindwa. Nilikuwa nimechoka kurudi nyumbani kwenye mkeka na kusema bado. Nikautazama ule mpango wake wa mchanga, na nikajiambia kwamba ulikuwa mpango mzuri. Ulikuwa mzuri kweli. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Nikainuka, nikamkaza ukanda wa kofia chini ya kidevu.

“Kushoto,” nikasema. “Katikati ya rundo. Usibane kitu.”

“Sina cha kubana,” akasema, na akacheka.

Bibi Matilda akasogea mpaka pembeni mwa barabara. “Tayari?”

“Tayari,” Kidawa akajibu.

Watu wakajipanga pande zote mbili. Wachuuzi wenzake wakaanza kupiga vigelegele. Nikamtafuta Mzee Ussi kwa macho, nione furaha yake walau, iwe malipo yangu. Sikumwona.

“Baba yako yuko wapi?”

“Ameteremka. Amesema anataka kutazama karibu.”

Bibi Matilda akainua mkono.

Simu yangu ikalia. Rabson, kutoka chini.

“Ticha, usimruhusu kwanza.”

“Kuna nini? Mkokoteni?”

“Si mkokoteni. Mzee. Amevua viatu, amepanda juu ya mchanga, amesimama katikati. Namwambia atoke hataki. Anasema chombo kikishushwa, mwenyewe aliyekiunda anasimama mbele kukipokea. Anasema mimi mtu wa Mbeya siwezi kujua.”

Kumbe aliniambia. Asubuhi ile ile, na bati mkononi, aliniambia kwa kinywa chake. Nilikuwa natazama visahani.

“Mtoe, Rabson! Mbebe!”

“Nimemshika mkono, ananisukuma! Ana nguvu huyu mzee!”

Nikageuka kwa Bibi Matilda. “Mama, subiri…”

Mkono wake ulishashuka.

Kidawa akaondoa mguu chini.

Alinipita karibu kiasi cha kumgusa. Nikanyoosha mkono, nikashika upepo na harufu ya sifa. Nikakimbia nyuma yake, kiatu kimoja kikabaki barabarani.

“Kidawa! Mchanga! Kidawa, mchangani!”

Alinisikia. Najua alinisikia, kwa sababu aliitikia kwa kichwa, mara mbili, kama mwanafunzi anayemjibu mwalimu kwamba somo amelielewa: kushoto, katikati ya rundo. Kisha akalala juu ya usukani, akapunguza upepo, akaongeza mwendo. Akakata kona ya ghala la nazi kwa namna ambayo mtu yeyote wa Usambara angeivulia kofia.

Sikumwona tena.

Nilisimama na mguu mmoja wazi kwenye lami ya moto, simu sikioni. Nikasikiliza kama breki zitalia. Nilijua hazina la kulia, lakini nikasikiliza, na nikaomba kama Rabson alivyoniambia niombe.

Hazikulia. Vigelegele vya chini vikakatika vyote kwa pamoja. Na ndani ya simu, karibu kabisa na sikio langu, nikamsikia Mzee Ussi akiita kwa sauti ya kuwaitia watu kwenye kamba za kushushia mashua, amefurahi, hana habari ya lolote.

“Mwacheni aje! Njoo, mwanangu! Njoo, baba yako niko hapa!”